Mada ya 7: Wilaya ya Bagamoyo – Sura ya Nchi na Uchumi wa Kilimo

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa uweze:
(a) kueleza mahali ilipo Wilaya ya Bagamoyo na kanda zake za asili;
(b) kuonesha uhusiano kati ya udongo, mvua na mazao yanayolimwa;
(c) kueleza jinsi historia ilivyojenga uchumi wa wilaya hii;
(d) kujadili faida na hasara za kuwa jirani na jiji kubwa;
(e) kujibu swali la insha kwa hoja zenye maelezo, si kwa orodha tupu.

7.1 Mahali, eneo na watu

Bagamoyo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Mji wake upo ufukweni mwa Bahari ya Hindi, karibu kilomita 65 kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, kwenye nyuzi 6 na dakika 26 kusini mwa Ikweta. Mashariki, ng'ambo ya bahari, kuna kisiwa cha Unguja. Kaskazini wilaya inapakana na Mkoa wa Tanga, magharibi Mkoa wa Morogoro, na kusini Wilaya ya Kibaha na Mkoa wa Dar es Salaam.

Eneo lote la wilaya ni karibu kilomita za mraba 9,800. Tangu mwaka 2015 eneo hilo lina halmashauri mbili: Halmashauri ya Bagamoyo kwa upande wa pwani, na Halmashauri ya Chalinze kwa upande wa bara. Zingatia tofauti hii. Kiwangwa, Lugoba, Msata na Miono zipo Chalinze. Zinga, Kerege, Yombo, Fukayosi na Makurunge zipo Bagamoyo. Katika mada hii tunaitazama wilaya nzima.

Mfano wa hesabu. Sensa ya mwaka 2012, kabla ya mgawanyo huo, ilihesabu watu 311,740. Tafuta msongamano wa watu.
Msongamano = idadi ya watu ÷ eneo = 311,740 ÷ 9,800 = takribani watu 32 kwa kilomita ya mraba.

Kiwango hiki kilikuwa chini ya wastani wa nchi. Lakini usidanganyike na wastani. Watu hawakusambaa sawasawa. Wamejazana pembeni mwa barabara kuu, mjini Bagamoyo, Chalinze na katika kata za kusini zinazoelekea Dar es Salaam, kama Mapinga na Kerege. Sehemu kubwa za kaskazini ni pori, malisho na hifadhi.

Wenyeji wa asili ni Wakwere, Wazaramo, Wadoe na Wazigua, pamoja na Waswahili wa mji wa pwani. Wapo pia wafugaji wa Kimaasai na Kibarbaig waliohamia na mifugo yao, na watu wa makabila mengine waliofuata biashara, ardhi na ajira.

7.2 Kanda tatu za nchi

Njia rahisi ya kuikumbuka Bagamoyo ni kusafiri kwa mawazo kutoka baharini kuelekea bara. Utapita kanda tatu.

(i) Ukanda wa ufukwe. Hapa kuna mchanga, mikoko, mashamba ya chumvi na minazi. Udongo una mchanga mwingi, maji hupotea chini upesi na rutuba ni ndogo. Ndiyo maana mazao yake ni yale yanayovumilia udongo hafifu: minazi, mikorosho na mihogo.

(ii) Mabonde ya mito Ruvu na Wami. Ruvu huanzia milima ya Uluguru. Wami hukusanya maji kutoka milima ya Ukaguru na Nguru. Mito yote miwili huingia baharini ndani ya wilaya hii, Ruvu karibu na mji na Wami upande wa kaskazini. Mito inapofurika huacha matope yenye rutuba. Udongo wa mfinyanzi wa mabonde haya hushika maji, hivyo hufaa kwa mpunga, mboga na miwa.

(iii) Nchi ya miinuko ya bara. Ukiondoka bondeni kuelekea Kiwangwa, Msata, Lugoba na Miono, ardhi huinuka polepole na kuwa ya vilima vidogo, miombo na mbuga za nyasi. Udongo ni mwekundu au wa kichanga-tifutifu. Hapa hustawi mananasi, mahindi, ufuta, mbaazi, kunde na mikorosho, na hapa ndipo penye malisho mengi.

7.3 Majira ya mwaka

Wilaya ina misimu miwili ya mvua. Masika huanza Machi hadi Mei na ndiyo mvua kubwa. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, nayo si ya kutegemewa: mwaka mmoja hujaza mashamba, mwaka mwingine hukatika kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Kiangazi kikuu ni kati ya Juni na Septemba.

Pepo nazo zina kazi yake. Kaskazi huvuma takribani Desemba hadi Machi, kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba. Zamani pepo hizi ziliongoza majahazi kati ya pwani yetu, Arabuni na Bara Hindi. Hadi leo mvuvi wa ngalawa hupanga safari zake kwa kuzitazama.

Hoja ya kukumbuka: mkulima mwenye misimu miwili ana nafasi mbili za kupanda, lakini pia ana hatari mbili za kupoteza mbegu. Ndiyo sababu kaya nyingi hazitegemei zao moja. Hupanda mihogo kama akiba ya chakula, mahindi au mpunga kwa msimu, na mikorosho au mananasi kwa ajili ya fedha.

7.4 Historia ya uchumi kwa ufupi

Watahiniwa wengi huanza historia ya Bagamoyo kwenye misafara ya watumwa. Anza mapema zaidi. Huko Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, kuna magofu ya misikiti na makaburi ya mawe. Mji huo ulianza karne ya 13, nao uliishi kwa bahari na shamba.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ikawa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kupitia Tabora. Pembe za ndovu na watumwa walivushwa kwenda Unguja. Pia palikuwa na sandarusi, utomvu mkavu uliochimbwa ardhini nyuma ya pwani na kuuzwa ng'ambo kwa kutengenezea vanishi. Maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walifika kila mwaka na walihitaji kula. Kwa hiyo msafara haukuleta biashara ya pembe pekee. Uliwapa pia wakulima wa jirani soko la nafaka na mihogo.

Mwaka 1868 wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha kituo chao Bagamoyo. Walijenga kijiji cha watumwa waliokombolewa na kufungua mashamba ya minazi na mazao mengine.

Wajerumani walipotaka kutawala pwani, watu walipinga. Katika vita vya 1888–1889 Bushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani waliongoza upinzani huo. Baada ya kuushinda, Wajerumani waliendelea kuitumia Bagamoyo kama makao makuu hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Sababu kubwa ilikuwa bandari: maji ya Bagamoyo ni ya kina kifupi, meli kubwa hulazimika kutia nanga mbali. Mwaka 1905 ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam, si Bagamoyo, na mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Mizigo ya bara iliyokuwa ikibebwa vichwani hadi Bagamoyo sasa ilipanda treni. Mji wa biashara ukarudi kuwa mji wa uvuvi na mashamba.

Zingatia: reli inaeleza mengi kuhusu uchumi wa leo. Mji uliokosa reli ulikosa viwanda, na wilaya ikabaki ya kilimo kwa karibu karne nzima.

7.5 Mazao makuu

Mihogo. Ni zao la chakula na la biashara. Huvumilia ukame, na huweza kuachwa ardhini hadi itakapohitajika. Adui zake ni batobato na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha mzizi ndani huku majani yakionekana mazima. Mkulima hujilinda kwa kupanda mbegu safi na aina zinazohimili.

Mpunga. Hulimwa mabondeni, kwa kutegemea mvua au kwa umwagiliaji. Skimu ya Ruvu iliyopo Vigwaza huendeshwa na wakulima kupitia ushirika wao unaojulikana kama CHAURU. Katika skimu, maji huingia kwa mifereji. Mkulima huotesha miche kitaluni kisha huipandikiza kwenye majaruba kwa mistari. Aina ya SARO 5 hupendwa kwa mavuno yake mengi na harufu nzuri.

Mananasi. Kiwangwa ni jina linalojulikana sokoni Dar es Salaam kwa sababu ya tunda hili. Nanasi huoteshwa kwa machipukizi, si kwa mbegu, na huchukua takribani mwaka mmoja na nusu kukomaa. Huvumilia kiangazi, lakini likiiva halingoji.

Korosho. Mikorosho hustawi kwenye udongo wa kichanga. Huhitaji kupogolewa na kupuliziwa dawa, hasa salfa, dhidi ya ubwiri unga. Korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha ushirika, AMCOS, hupewa stakabadhi, na mnada hufanyika baadaye. Mfumo huu umewekwa kupambana na kangomba, yaani ununuzi wa magendo wa bei ya chini unaomkuta mkulima akiwa na shida ya fedha.

Minazi. Hutoa nazi, tui, mafuta, makuti na mbao. Minazi mingi imezeeka, na mingine imeuawa na ugonjwa unaogeuza makuti kuwa ya manjano hadi kilele kudondoka.

Miwa. Katika eneo la Makurunge palikuwa na ranchi ya Serikali ya Zanzibar iliyoitwa RAZABA, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Mradi wa kwanza wa sukari uliopangwa hapo na wawekezaji kutoka Sweden ulisimamishwa na serikali mwaka 2016. Baadaye sehemu ya eneo hilo ilitolewa kwa kampuni ya Bagamoyo Sugar, iliyo chini ya kundi la Bakhresa, ambayo imefungua shamba la miwa la umwagiliaji na kiwanda.

Mazao mengine ni ufuta, mahindi, mbaazi, machungwa, maembe na mboga.

7.6 Shughuli nyingine

Uvuvi hufanyika kwa ngalawa, mitumbwi na mashua. Soko la samaki la Bagamoyo hupokea samaki kila siku. Mbegani kuna chuo cha uvuvi. Huko Mlingotini wanawake hulima mwani katika maji ya kina kifupi kwa kufunga vipande vya mbegu kwenye kamba. Maji ya bahari yakipata joto kupita kiasi mwani hufa, hivyo mabadiliko ya tabianchi humgusa mkulima wa baharini kama anavyoguswa wa nchi kavu. Chumvi hupatikana kwa kukausha maji ya bahari katika majaruba. Ufugaji wa ng'ombe upo bara, ikiwamo Ranchi ya Taifa ya Ruvu. Utalii hutegemea magofu, mji mkongwe na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, hifadhi ya taifa inayokutanisha wanyama wa nyika na ufukwe wa Bahari ya Hindi.

7.7 Soko: hesabu ya mkulima

Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Fanya zoezi hili. Bei zilizotumika ni za mfano tu.

Mkulima wa Kiwangwa ana mananasi 4,000. Dalali anamfuata shambani na kutoa shilingi 400 kwa nanasi. Dar es Salaam bei ya jumla ni shilingi 800. Kukodi gari ni shilingi 700,000. Wapakiaji na ushuru ni shilingi 200,000.

Akiuza shambani: 4,000 × 400 = shilingi 1,600,000.

Akipeleka Dar es Salaam na mananasi 500 yakaharibika: 3,500 × 800 = 2,800,000; toa gharama 900,000; anabaki na shilingi 1,900,000.

Yakiharibika 1,000: 3,000 × 800 = 2,400,000; toa 900,000; anabaki na shilingi 1,500,000.

Umeona? Katika hali ya pili anapata zaidi ya bei ya dalali kwa shilingi 300,000. Katika hali ya tatu amepata pungufu kwa shilingi 100,000, na safari juu yake. Hapa bei ya jiji haitoshi kuamua. Kinachoamua ni kuharibika kwa tunda njiani. Kwa hiyo unapoandika kwamba "barabara ya lami huinua kipato cha mkulima", eleza namna: barabara hupunguza muda wa safari, hupunguza nauli na huokoa matunda. Barabara ya Makofia hadi Msata, yenye urefu wa kilomita 64, ni mfano mzuri wa kutaja, kwa kuwa imeunganisha mji wa Bagamoyo na barabara kuu ya Chalinze–Segera.

7.8 Changamoto mbili za kuelewa kwa undani

A. Maji ya Ruvu ni ya nani?

Mto Ruvu huwamwagilia wakulima, huwanywesha mifugo na ndio chanzo kikubwa cha maji ya Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Chini, uliopo Bagamoyo, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Mtambo wa Ruvu Juu, uliopo Mlandizi, una uwezo wa lita milioni 196. Jumla ni lita milioni 466 kila siku kutoka mto mmoja.

Mvua ikinyesha vizuri, maji hutosha. Vuli ikichelewa, ugomvi huanza. Mwezi Oktoba 2022 kina cha Ruvu kilishuka sana na DAWASA ikatangaza mgao wa maji jijini. Wakati kama huo macho huelekezwa kwa wanaochepusha maji juu ya mto: mwenye jaruba, mwenye pampu ya bustani na mwenye ng'ombe. Mkulima naye ana hoja: jaruba lisilopata maji wiki chache wakati mpunga unatoa maua ni msimu uliopotea. Tena mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuharibu mashamba yaliyo karibu na mlango wa mto.

Suluhisho linalotajwa ni kuhifadhi maji ya masika yatumike kiangazi. Ndilo lengo la Bwawa la Kidunda linalojengwa mkoani Morogoro. Mengine ni kutunza misitu ya Uluguru, kusakafia mifereji ili maji yasipotee, na kugawa maji kwa vibali vinavyosimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

B. Shamba linapogeuka kiwanja

Jiji linapanuka kuelekea kaskazini. Katika Mapinga, Kerege na Zinga, mashamba ya mikorosho na minazi yamekatwa viwanja. Mwenye shamba hupata fedha nyingi kwa mara moja. Akizitumia kujenga nyumba ya kupanga au kununua shamba kubwa zaidi bara, amebadili mali kwa mali. Akizila, watoto wake watakuwa vibarua kwenye ardhi iliyokuwa ya babu yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inawezesha wanakijiji kupata hati za hakimiliki za kimila na vijiji kupanga matumizi ya ardhi. Kijiji kisicho na mpango huo huwa dhaifu mbele ya mnunuzi, mbele ya mfugaji anayetafuta malisho na mbele ya jirani mwenye mpaka usioeleweka.

Changamoto nyingine za kutaja ni migogoro ya wakulima na wafugaji, wanyama waharibifu kama nguruwe pori na ngedere, uchache wa maafisa ugani, na kutotegemewa kwa vuli.

7.9 Swali la mfano na jibu lake

Swali: "Ukaribu wa Bagamoyo na Dar es Salaam ni neema na mzigo kwa mkulima." Jadili kauli hii kwa hoja sita.

Mwongozo wa jibu

Utangulizi: Taja mahali ilipo wilaya, umbali wa mji wake kutoka Dar es Salaam, na msimamo wako.

Neema:
1. Soko la uhakika. Wakazi wa jiji hununua mananasi, mboga, samaki na mihogo, hivyo mazao yanayoharibika upesi yanaweza kuuzwa yakiwa mabichi.
2. Miundombinu. Barabara zilizojengwa kuhudumia jiji humpunguzia mkulima gharama za usafiri.
3. Mitaji na viwanda. Wawekezaji huvutwa na ukaribu wa bandari na walaji, kwa mfano kilimo cha miwa Makurunge.

Mzigo:
4. Ushindani wa maji. Mto Ruvu hutumika jijini na mashambani, na uhaba wa mwaka 2022 ulionesha mgongano huo.
5. Kupotea kwa ardhi ya kilimo. Mashamba ya kata za kusini yanageuzwa viwanja vya makazi.
6. Kuondoka kwa vijana. Jiji lipo karibu kiasi kwamba kijana huacha jembe na kwenda kuendesha bodaboda au kufanya biashara ndogo, na shamba hubaki mikononi mwa wazee.

Hitimisho: Toa uamuzi. Mfano: ukaribu huu ni neema kwa mkulima mwenye hati, ushirika na maji ya uhakika, kwa asiye na hayo, ni mzigo.

Makosa yanayopoteza alama

– Kuandika "udongo mzuri" bila kusema ni upi na unafaa zao gani.
– Kutaja faida sita bila hasara wakati swali linasema "jadili".
– Kusema Bagamoyo "ilikufa" mwaka 1891. Iliacha kuwa makao makuu. Haikuacha kulima wala kuvua.
– Kurudia hoja moja kwa maneno mengine, mfano "soko" na "wateja wengi".

Maswali ya kujipima

1. Taja kanda tatu za asili za Wilaya ya Bagamoyo na zao moja la kila ukanda.
2. Kwa nini mihogo huitwa zao la akiba?
3. Eleza sababu mbili zilizofanya Dar es Salaam kuipita Bagamoyo kibiashara.
4. Mkulima ana mananasi 2,000. Shambani bei ni shilingi 400. Jijini ni shilingi 700, na gharama zote ni shilingi 400,000. Mananasi 200 yakiharibika, auze wapi?
5. Wewe ni mwenyekiti wa kijiji kilicho kando ya Mto Ruvu. Mto umepungua. Pendekeza njia tatu za kugawa maji bila kumwonea mkulima, mfugaji wala mkazi wa jijini.

Majibu mafupi: (1) Ufukwe – minazi, mabonde – mpunga, miinuko – mananasi. (2) Huvumilia ukame na huweza kubaki ardhini hadi itakapohitajika. (3) Bandari yenye kina kirefu. Reli ya Kati. (4) Shambani: 800,000. Jijini: 1,800 × 700 = 1,260,000, toa 400,000, hubaki 860,000. Auze jijini, ingawa faida ya 60,000 ni ndogo na yakiharibika zaidi ya 285 itakuwa imekwisha. (5) Jibu lako lipimwe na mwalimu au wenzako. Hakikisha kila njia inaonesha nani atapunguziwa maji, kwa muda gani na kwa nini akubali.